Siku Niliyoingia Golini na Kamera

Mkinicheka sitawalaumu, maana hata mimi mwenyewe nikipita karibu na uwanja wa mpira wa Kilwa Masoko huwa navuta mtandio usoni, japo miaka imekwenda na wengi walioniona siku ile wameshahama au wametangulia mbele ya haki, lakini waliobaki hawajasahau, na hao ndio wanaoniita Kipa badala ya Somoe, hata mbele ya wakwe zangu. Aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu. Hakunisukuma mtu. Nilikuwa nimelala vizuri, nimekula, nina akili zangu zote, nikajibeba mwenyewe nikaenda.

Mjomba wangu Bakari alikuwa na studio ya picha jirani na soko, chumba cha mbele chenye benchi na pazia lililochorwa ngazi za ndege (ndege yenyewe ilikuwa na madirisha makubwa kama ya nyumba, nadhani mchoraji hakuwahi kuiona kwa karibu), na nyuma yake kachumba ka giza tulikosafishia picha. Nilianza kumsaidia nilipomaliza darasa la saba, kwanza kufagia na kumwaga maji ya dawa, kisha kukausha picha, mwisho akaniachia na kamera. Mjomba alikuwa mtu mwema sana, ila alikuwa mpigapicha wa picha moja. Mteja anasimama mbele ya ngazi, mikono chini, kidevu juu, hacheki, na miguu lazima ionekane mpaka viatu, kwa sababu mtu ukimkata miguu, alisema mjomba, atarudi na ndugu zake. Wazee wa Kimatumbi walioteremka kuuza machungwa, maharusi, watoto waliotoka jandoni, karani mpya wa ofisi ya wilaya, wote walisimama vilevile, ukiwapanga ukutani ungedhani ni ukoo mmoja unaosubiri safari moja.

Mama yangu naye alisimama hapo. Alifariki nikiwa bado mdogo, na picha yake ni hiyo moja tu, mbele ya ngazi, macho yamemtoka kama mtu anayeogopa kuulizwa tiketi. Mama hakuwa hivyo. Waliomjua wanasema alikuwa na namna yake ya kukaa mlangoni jioni, ameegemeza kichwa kwenye fremu, anatazama tu, na ukimwita huchukua muda kugeuka. Hilo mimi silikumbuki, nimesimuliwa. Ninachokikumbuka mimi ni ile tiketi.

Sasa, ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba inashuka kwa marobota, kila kibaraza kina redio ya kaseti, na magazeti, ambayo zamani tulijua mawili matatu, yakawa mengi mpaka majina yanatuchanganya. Yalikuja na basi kutoka Dar es Salaam, wakati wa mvua yakikwama huko Rufiji pamoja na abiria wake, na yakifika yanasomwa na wakubwa wa maofisini, wakimaliza yanaishia kwa mama mmoja aliyekaanga samaki pale sokoni, naye anafungia samaki. Mimi nikawa mteja wake mkubwa. Nilikuwa namwomba anifungie kwa ukurasa wenye picha, naye akadhani napenda sana samaki, akawa ananichagulia wanene, kumbe mimi nikifika nyumbani samaki nampa paka (si kila siku, mara nyingine nilimla), karatasi naifuta mafuta kwa majivu na kuibandika kwenye ukuta wa kachumba ka giza.

Ukuta ule ndio ulikuwa shule yangu. Kulikuwa na watu wa mafuriko wamebeba godoro vichwani, maji yamewafika kifuani. Kulikuwa na bondia aliyekaa kwenye kona yake peke yake, ameshapigwa, anaangalia glovu zake. Kulikuwa na bibi harusi anayecheka kwa kitu ambacho mwenye picha hakutuonyesha. Kalenda ya dukani ilinipa nyumbu wakivuka mto na vumbi lote lile, na gazeti la kizungu lililofungia viatu kwenye robota la mitumba likanipa mlima wenye theluji uliopigwa wakati jua linachomoza. Kulikuwa na mpira unaingia wavuni, umepigwa kama vile aliyeupiga picha yumo ndani ya goli, matundu ya wavu yanaonekana makubwa na nyuma yake uso wa mfungaji, mdomo wazi. Na kulikuwa na bibi mmoja. Amekaa mlangoni, ameshika kikombe cha bati, mwanga unampiga upande mmoja wa uso na upande wa pili umezama gizani, hatutazami. Mafuta ya samaki yalikuwa yameilainisha ile karatasi mpaka maandishi ya nyuma yalitokeza kwenye shavu lake, nami sikujali. Nilikuwa naingia mle na kumtazama yule bibi hata siku ambayo hakuna filamu ya kusafisha, mpaka mjomba anagonga mlango kuuliza kama nimezimia kwa dawa.

Nilitaka kujua amesimama wapi huyo mpigapicha, saa ngapi, amemwambia nini yule bibi mpaka akasahau kuwa anapigwa. Na nilitaka mtu wa kumuuliza. Hapo ndipo nitawapa sehemu ya kwanza ya kunicheka. Chini ya picha nyingi za magazetini paliandikwa "Picha na Mpigapicha Wetu", basi mimi kwa muda mrefu kuliko inavyostahili niliamini huyo ni mtu mmoja. Nilimwona kabisa, mrefu, mwenye kofia, leo yuko kwenye mafuriko, kesho ulingoni, keshokutwa harusini, nikawa nashangaa anapumzika lini.

Basi ukafika mwaka ambao tajiri mmoja wa mabasi alitoa kombe, na zawadi ya ng'ombe dume, na fainali ikawa kati ya timu yetu ya Masoko na vijana wa Lindi. Kwetu ilikuwa kama sikukuu. Mgeni rasmi alikuwa mkubwa fulani kutoka mkoani, na katika msafara wake alikuja mtu wa gazeti.

Mimi sikujua kama amekuja. Nilikuwa nimekaa studio asubuhi ile, mjomba yuko kwenye benchi anasoma, akaingia mwanamume wa makamo, mfupi, hana kofia, begi begani na kamera mkononi, akatoa salamu kwa mjomba, nami nikamwamkia, shikamoo, akaitika marahaba binti, akasema filamu yake imekwama ndani ya kamera, akiifungua kwenye mwanga ataharibu kazi yote ya safari, akauliza kama tunaweza kumsaidia chumba cha giza. Mjomba akaniambia nimpeleke. Nikampeleka, nikazima taa, nikasimama mlangoni kwa ndani nikisikia vidole vyake vinafanya kazi gizani, kisha kifuniko kikalia, akasema tayari, binti, washa.

Nikawasha ile taa nyekundu. Akageuka, akauona ukuta.

Akausogelea. Kisha akaanza kunyoosha kidole, hii yangu, hii si yangu, hii ni ya rafiki yangu mmoja, hii ya bondia tuligombana sana ofisini maana mhariri hakuitaka, na mimi moyo unakwenda mbio na wakati huohuo unavunjika, kwa sababu yule mtu mrefu mwenye kofia alikuwa anakufa palepale mbele yangu. Nikamuuliza (hilo moja nililiuliza), kwani Mpigapicha Wetu ni nani. Akacheka, lakini si kwa ubaya. Akasema ni wao wote, wako wengi, mhariri akisahau jina la mtu au akiwa na haraka anaandika hivyo. Yeye aliitwa Gervas. Kisha akauliza, "Katika hizi, unaipenda ipi?"

Jamani. Jibu lilikuwa yule bibi. Swali lilikuwa tayari mdomoni mwangu, limekaa humo kwa miaka. Mtu niliyemtaka amesimama kwenye kachumba kangu, ana nafasi, mpira ni alasiri na bado ni asubuhi, mjomba yuko nje anaagiza chai. Ningeuliza tu. Lakini nikaona haya. Niliona nikisema bibi ataniona msichana wa shamba anayelilia picha za vikongwe, nikamtaka anione mpigapicha mwenzake, nikanyoosha kidole kwenye ile ya mpira wavuni. Akasema ile ni yake. Nami nikasikia sauti yangu inasema, kwa utulivu kabisa, "Hata mimi huwa napiga za hivyo."

Nilikuwa sijawahi kupiga picha hata moja ya mpira. Uwanjani kwenyewe nilikuwa nimekwenda mara chache, kusimama na wenzangu na kula miwa.

Akafurahi. Akasema vizuri sana, basi tutakuwa wote alasiri, akanywa chai ya mjomba, wakazungumza habari za barabara, akaondoka. Na mimi nikabaki na neno langu.

Alasiri nikavaa gauni langu la kitenge na mtandio wa zambarau, nikachukua kamera ya mjomba, ambayo ilikuwa nzito kama tofali, nikamwambia mjomba nakwenda kupiga picha za kumbukumbu za kombe. Akaniambia niwasimamishe wachezaji mstari mmoja, walioko mbele wachuchumae, na nisikate viatu. Nikaitikia.

Uwanja ulikuwa umejaa mpaka juu ya miti na juu ya lori. Yule ng'ombe amefungwa pembeni, pembeni mwake amekaa mgeni rasmi chini ya turubai, mjomba naye ameshapewa kiti huko kwa heshima ya umri wake. Bwana Gervas nilimwona amekaa juu ya begi lake mbali kidogo na kibendera cha kona, ana lensi ndefu kama mchi, anasubiri tu. Mimi nilipiga picha ya mstari, viatu vyote vikaonekana, mpira ukaanza, nikasimama pembeni na kamera kifuani na sijui la kufanya. Kwa mbali kule wachezaji walionekana wadogo kama sisimizi. Nikakumbuka ile picha ukutani, matundu makubwa ya wavu, uso nyuma yake. Nikajiambia, Somoe, yule bwana alikuwa ndani ya goli. Basi ingia golini.

Nikazunguka nyuma ya goli la Lindi, maana nilitaka kumpiga mfungaji wetu akija. Wavu wenyewe ulikuwa wa kuvulia, umeazimwa kwa mvuvi mmoja, umelegea, chini umewekewa mawe. Kuelekea huko nilipita mbele ya Bwana Gervas, akaniona, akanyanyua mkono na kuupunga mara kadhaa. Nikampungia. (Baadaye niliambiwa alikuwa ananiambia nirudi.) Nikasogeza mawe, nikalala kifudifudi na gauni langu la kitenge, nikapenyeza kichwa, mabega, mikono na kamera ndani ya goli, kiwiliwili nje. Watoto waliokuwa nyuma wakaanza kucheka. Kipa wa Lindi akageuka, akaniona, akaniuliza dada vipi. Nikamwambia mimi niko na yule wa gazeti. Naona neno gazeti lilimtosha, kwa sababu alinyoosha jezi yake na tangu hapo akawa anadaka kwa madaha.

Nikaweka jicho kwenye kamera. Nawaambia ukweli, kwa muda ule mfupi nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena mahali pengine popote. Kila kitu kilikuwa pale. Chaki, miguu ya kipa, vumbi, jua linatoka upande. Nilikuwa mahali ambapo picha inatokea, na sikuwa naogopa.

Kwetu kulikuwa na mshambuliaji anaitwa Shaibu, kijana wa mtaa wetu, mpole ajabu nje ya uwanja. Mpira ulimkuta mbali, akautuliza, akawapita wawili, nami namfuata kwa kamera, anakua, anakua, uso unajaa, mdomo unafunguka, nikasema sasa. Akapiga. Kipa akaruka upande wake na mpira ukapita upande wa pili. Nikafyatua.

Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilisikia kishindo, halafu mwanga mweupe, halafu vumbi mdomoni. Mpira ulikuwa umeshavuka mstari, umekuja moja kwa moja kwenye kamera, kamera imekuja moja kwa moja kwenye pua yangu, na mpira ukarudi zake uwanjani kama umepigwa na beki. Refa, mwalimu mmoja aliyeletwa kutoka nje ili asipendelee mtu, alikuwa mbali, akaona umedunda na kutoka, akadhani mlingoti, akaonyesha mikono mchezo uendelee. Mshika kibendera alikuwa anabishana na watu waliokanyaga chaki. Watu wetu wameshainua mikono kushangilia, wachezaji wetu wameshakumbatiana, na vijana wa Lindi wakauokota mpira wakakimbia nao mpaka upande wa pili, ambako kipa wetu naye alikuwa amepiga magoti anamshukuru Mungu, wakafunga.

Halafu walioko nyuma ya goli wakaanza kupiga kelele kwamba lile lilikuwa goli, limempiga mtu, limempiga yule mwanamke, na vichwa vyote vikageuka kwangu, nami nikajaribu kutoka na sikuweza. Mkanda wa kamera ulikuwa umejifunga kwenye matundu, mtandio umenaswa, nikivuta huku kunakaza kule, na damu ya pua inatiririka. Nikabaki nimelala, nusu ndani nusu nje, nikiangalia miguu ya watu inakuja. Mmoja akasema akate wavu kwa kisu, mwenye wavu akapiga ukelele kutoka mbali kwamba wavu wake usiguswe, wamkate huyo mwanamke. Kipa wa Lindi ndiye aliyechuchumaa akaanza kunifungua taratibu, tundu kwa tundu, na huku anatabasamu, maana alijua fika kilichomwokoa.

Refa alifika akasimama juu yangu. Akaniuliza wewe ni nani. Nikamwambia mpigapicha.

"Wa nani?" akauliza.

Nikamtafuta kwa macho Bwana Gervas kule kwenye kona, na nikamwona, ameinuka, lensi yake imenielekea, anafyatua.

Refa hakubadilisha uamuzi, alisema alichokiona ndicho alichokiona. Tukafungwa moja bila. Ng'ombe akapandishwa lori la Lindi na kupitishwa barabara ya soko mbele ya studio yetu, akitutazama. Wazee waliwazuia vijana wasinifanye kitu, wakanisindikiza mpaka pembeni ya turubai ambako mgeni rasmi alikuwa anajifanya anafunga saa yake ili asionekane anacheka. Shaibu alipita karibu yangu, jezi imelowa jasho, akasimama. Nikadhani atanitukana, na ningeona afadhali. Akasema kwa sauti ndogo, "Somoe, lile lilikuwa goli," akaenda zake.

Mjomba alikuja mwisho, polepole, fimbo yake inachoma mchanga. Kamera ile aliinunua ujanani na alikuwa hamruhusu hata mkewe aipanguse vumbi, nami nilikuwa nimeikumbatia, imebonyea upande. Alitoa leso akanifuta damu kwanza. Akanishika kidevu, akageuza uso wangu huku na huku kuona kama pua imevunjika. Ndipo akaichukua kamera, hakuifungua, akaibana kwapani, akaniambia twende nyumbani.

Lakini mimi sikwenda nyumbani moja kwa moja. Msafara ulikuwa unaondoka, Landrova zimeshawashwa, na nikamwona Bwana Gervas anapanda ya mwisho. Nikamwacha mjomba nikakimbia, mbele ya mji mzima, pua imevimba, mtandio umechanika, mtu hajamaliza kujiaibisha anaongeza. Nikashika dirisha. Akaniuliza kama nimeumia, nikasema hapana. Nikamuuliza ile picha ya mpira wavuni aliipigaje, alikuwa amelala wapi.

Aliniangalia kwa huruma ambayo bado inanichoma. "Sikulala popote," akasema. "Nilikuwa nimesimama mbali nyuma ya goli, nakunywa soda. Lensi ndefu ndiyo inayovuta."

Miaka yote ile mbele ya ukuta nilikuwa nimemlaza mtu ndani ya goli, na yeye alikuwa amesimama na soda. Nikaona dereva anaweka gia, basi nikalitoa lile lililobaki, nikamuuliza yule bibi mwenye kikombe, yule wa mlangoni, ni wake. Uso wake ukabadilika. Akasema hapana, ile angetamani iwe yake, lakini si yake, ile ni ya, akataja jina, na hapohapo dereva akabonyeza honi kuwatawanya watoto waliojazana mbele ya gari, honi ndefu, nikaona midomo yake inafumba na kufunguka na sikusikia kitu. Nikapiga kelele nani, akadhani namuaga. Akapunga mkono. Safari hii kweli alikuwa anapunga.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa nasimama mbele ya kioo cha wateja, naiga ile midomo. Ilifumba mwanzoni, hilo nina hakika. Inawezekana ni Mussa. Inawezekana ni Bahati, au Maulidi, au Pius, au ni mwanamke, ni Mariamu, hilo nilikuja kulifikiri baadaye sana na likaninyima raha zaidi ya yote.

Gazeti lilifika mvua zilipopungua. Watu walikuja nalo mpaka studio, kila mmoja na lake, wengine walikuwa hawajawahi kununua gazeti maishani. Nilikuwa ukurasa wa nyuma. Nimelala kifudifudi chini ya wavu, mtandio umenaswa juu kama bendera, damu puani, mguu wa refa pembeni, na nyuma kabisa, wadogo, vijana wa Lindi wamebebana. Macho yangu hayamwangalii refa. Yanaangalia moja kwa moja kwenye picha, kwa namna ambayo sikujua kama uso wangu unaweza, kama mtu anayemwita mwingine na hajui kama atageuka. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mjomba alivaa miwani, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu sana, na mjomba wangu huyu, ambaye tangu nimfahamu hakuwahi kusifu picha ya mtu yeyote, akasema, "Huyu bwana anajua kazi."

Nililia usiku huo, sikatai. Si kwa sababu ya kuchekwa. Ningetoa chochote kusikia neno hilo kwa picha niliyoipiga mimi, na nikalisikia kwa picha niliyolala ndani yake kama samaki.

Filamu yangu niliisafisha nikitarajia pengine, pengine tu. Uso wa Shaibu haupo. Kuna weupe, na ukingo wa kitu cha mviringo.

Mwaka uliofuata kombe lilirudi, nikaenda, nikasimama mbali nyuma ya goli na soda mkononi kama nilivyofundishwa. Lensi ndefu sikuwa nayo na wala sikujua inapatikana duka gani. Tulifunga mawili. Kwenye picha goli linaonekana dogo kama kiberiti, na wachezaji ni vidoa, hata ukimwambia mama wa mchezaji amtafute mwanawe hatamwona. Nilijua sasa inavyofanyika na bado nisingeweza kuifanya. Sijui kipi kinauma zaidi.

Basi ndiyo hivyo. Mjomba amenirithisha studio, pazia la ndege nimelitoa, wateja wangu nawakalisha mlangoni kwenye mwanga wa pembeni na kuzungumza nao mpaka wasahau, baadhi wanazipenda picha zao na baadhi wanauliza miguu yao iko wapi. Golini siingii tena, hata goli la watoto la makopo. Na kujifanya najua nimekoma. Siku ile nilikuwa na asubuhi nzima ya kuuliza, nikaitumia kutaka nionekane. Sasa hivi nikisikia tu kuna mgeni ameshuka na begi la kamera pale stendi, namwacha mteja kwenye kiti chake, nafunga mtandio vizuri nikienda, namwamkia kwa heshima zake zote, na kabla hajaniuliza jina langu nani, mimi nimeshamuuliza ile picha ya bibi mwenye kikombe ni ya nani.